Nilivyowaongoza wanafunzi wa Lindi kuchora mabango ya utalii

Ninafundisha Darasa la Sita katika shule ya msingi mjini Lindi, na kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikiwapa wanafunzi wangu kazi ya kuchora mabango ya utalii. Mwaka wa kwanza kazi hiyo haikuniridhisha. Niliwaambia wachague mahali popote wapendapo nchini, na makundi 11 yakaniletea mabango 7 ya Mlima Kilimanjaro na 4 ya Serengeti, yote yakiwa na theluji ileile na simba yuleyule waliowanakili kitabuni. Michoro ilikuwa safi, lakini nilipomuuliza mtoto mmoja jinsi mgeni aliyevutiwa na bango lake atakavyofika huko, alinyamaza. Sikuweza kumlaumu, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuwa nimemtaka alijue jambo hilo.

Mwaka uliofuata nilibadili masharti. Mahali patakapochaguliwa pawe ndani ya mikoa ya Lindi na Mtwara. Bango limweleze mgeni anafikaje, anakuta nini na ajiandae vipi. Na kwa kila sentensi iliyoandikwa, kundi liweze kunionyesha limeipata wapi au kwa nani. Sharti hili la mwisho nimelishikilia mpaka leo, kwa sababu bango la utalii ni ahadi. Kuna mtu atakayelipa nauli, akakaa kwenye basi kutwa nzima akitokea Dar es Salaam, kwa kuamini tu maneno yaliyoandikwa na mtoto wa Darasa la Sita, na mtoto huyo anapaswa kujua kwamba ameaminiwa.

Vifaa havikuwa tatizo kubwa. Manila zilipopungua tulitumia karatasi za ndani za mifuko ya saruji, tukazikung'uta vumbi na kuzilaza chini ya madawati hadi zikanyooka. Rangi nyeusi tuliipata kwenye mkaa, ya njano kwenye bizari na ya kijani kwenye majani ya kisamvu yaliyotwangwa, na gundi tuliipika kwa unga wa muhogo.

Kundi la Kilwa Kisiwani lilikuja na historia nzito. Walijua kwamba msafiri Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, na kwamba magofu ya Kisiwani pamoja na yale ya Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Hata hivyo, hawakuwa wameandika kwamba mgeni hufika kwanza Kilwa Masoko, akapata kibali, kisha akavuka kwa chombo. Niliwarudisha, wakamuuliza mjomba wa mwenzao ambaye ni mvuvi, na maelezo ya kuvuka yakawa sehemu bora kuliko zote katika bango lao. Kundi la Newala lilichora Shimo la Mungu, pale ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde unapokatika ghafla, na macho yakaona bonde la Ruvuma likitandaza mbali huko chini. Kundi la Mikindani liliandika juu ya boma la Wajerumani, wakamaliza mapema.

Kazi iliyonigusa zaidi ni ya kundi la Tendaguru, kilima kilichopo mkoani Lindi. Waliandika kwa herufi kubwa: "Njoo umwone mjusi mkubwa wa Tendaguru." Nikawauliza yuko wapi. Wakajibu kwa pamoja kwamba yuko Tendaguru. Ikanibidi niwasimulie jinsi Wajerumani walivyochimba pale mifupa ya dinosaria, ndiye huyo mjusi mkubwa, kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Jinsi mamia ya watu wa huku kwetu walivyofanya kazi ile ya jembe na sururu. Jinsi wapagazi walivyoibeba mifupa kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Na kwamba mjusi huyo, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, leo amesimama katika makumbusho mjini Berlin.

Darasa zima lilinyamaza. Kisha mvulana mmoja akataka mjusi afutwe kabisa, na msichana mmoja akapinga: "Mwalimu, tukimfuta, mgeni atajuaje kwamba alikuwa wetu?" Mabishano yalichukua vipindi viwili, nami sikuyakatiza, maana niliona wanapima maneno kuliko nilivyowahi kuwaona wakifanya katika somo lolote. Walipoulizia majina ya watu wetu waliofanya kazi ile, niliwatajia Boheti bin Amrani, aliyewasimamia wachimbaji, nao wakasema lazima aingie.

Bango la mwisho halikuwa na mchoro wa mjusi. Walichora mstari mrefu wa wapagazi wenye mizigo vichwani, wakielekea baharini, na chini yake wakaandika: "Hapa ndipo alipotoka mjusi wa Tendaguru. Utakuta kilima, pori, na wazee wenye simulizi. Mifupa ilibebwa na babu zetu." Kati ya alama 20, niliwapa 19. Ile moja niliiondoa kwa sababu waliandika kwamba barabara ni nzuri, na hawakuweza kuniambia nani aliwaeleza hivyo.

Siku ya kikao cha wazazi tuliyatundika mabango yote barazani. Mzazi mmoja, ambaye hupeleka mizigo vijijini kwa pikipiki, alisimama mbele ya bango la Tendaguru, akalisoma lote polepole, kisha akawaita wale watoto. "Wanangu, barabara hiyo wakati wa mvua ni tope tupu, mtawakwamisha watu." Walimwamkia, wakamuuliza ni miezi gani hasa, na kabla kikao hakijaanza mmoja wao alikuwa amepiga magoti barazani na kipande cha mkaa, akiifuta sentensi ile na kuandika nyingine.