Wewe ni mtoto wa nani?

Nilitua Entebbe mwezi wa pili, baada ya miaka tisa Leeds, Uingereza. Kwenye begi dogo, ndani ya soksi, nilikuwa na dadu saba. Mama alizikuta siku ya tatu akinipangia nguo. Akaiweka ile yenye nyuso ishirini kiganjani, akaigeuzageuza, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umerudi na kamari?"

Nilimwelewa. Hapa Nsambya tumeona vijana wakiingia vibanda vya kubeti na ada ya shule mfukoni. Nikakaa naye nikamweleza kwamba katika mchezo huu hakuna anayekula cha mwenzake. Watu wanne au watano wanazunguka meza, kila mmoja na mhusika wake. Mwendesha mchezo anasimulia mnachokiona, na yeye ndiye sauti ya kila mnayekutana naye njiani. Ukitaka kuruka ukuta unasema naruka, halafu dadu inaamua kama umevuka au umeanguka. Ulioanzisha njia hii ni Dungeons & Dragons, ambao Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa Marekani mwaka 1974. Mama akafikiri kidogo. "Basi ni hadithi hadithi njoo, ila ina dadu." Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo.

Kupata wenzangu kulinichukua miezi minne. Rafiki zangu wa zamani wana watoto na mikopo, na Kampala ukiulizia mchezo wa mezani unaonyeshwa ludo, drafti au mweso. Mweso naupenda sana, ni ndugu wa bao, mashimo 32 na kete 64, lakini mweso una mshindi na mshindwa, na mimi nilitafuta watu wa kusafiri nao.

Niliwapata Nasser Road, kwenye duka la kuchapa, nilipokwenda kutoa nakala za vyeti. Kijana aliyenitangulia alikuwa anachapisha karatasi yenye visanduku sita upande wa kushoto: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, na kuendelea. Karatasi ya mhusika, kwa Kiswahili! Nikamgusa bega. Akaniambia wanatafsiri wenyewe, kidogo kidogo, na kwamba hawaibi kitu: kanuni za msingi za toleo la tano la Dungeons & Dragons zilifunguliwa Januari 2023, na yeyote anaruhusiwa kuzichapa na kuzitafsiri mradi ataje zilikotoka. "Anko, njoo Jumapili," akasema.

Wanakutana Kireka, sebuleni kwa dada wa mmoja wao. Mwendesha mchezo ni binti aliyezaliwa Bukavu akakulia hapa, na wengine wametoka Arua, Mbale na Kisumu, kwa hiyo Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote. Dadu hawakuwa nazo. Walikuwa na vizibo ishirini vya soda, vimeandikwa namba kwa rangi nyekundu ya kucha, ndani ya kofia ya sufi. Unatikisa, unachomoa kimoja, unasoma, unarudisha. Kwa hesabu ni sawasawa na dadu yangu, kila namba ina nafasi moja kati ya ishirini. Nilipoweka zangu mezani walizishika kwa furaha, kila mtu akarusha mara mbili tatu, halafu mchezo ulipoanza mikono ikarudi kwenye kofia. Wameizoea sauti yake. Na mimi nimeanza kuizoea.

Leeds, mezani kwetu, karibu kila mhusika alikuwa yatima. Ni rahisi hivyo: asiye na kwao hana wa kutekwa wala wa kumlilia. Nami nikaja Kireka na yatima wangu, mpiga mkuki. Tukafika lango la mji ulio ufukweni mwa ziwa, na mlinzi, yaani yule binti, akaniuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikasema sina wazazi.

"Kila mtu ana wazazi. Waliokufa nao wana majina."

Meza yote ikanitazama. Miaka tisa nimecheza, na swali hilo sikuwahi kuulizwa hata mara moja. Baba yangu alikuwa askari. Alizikwa nikiwa Uingereza, nikisubiri karatasi zisizotoka. Nikataja jina lake, na mpiga mkuki akaanza kusema kama yeye, Kiswahili kile cha kambini, kifupi, kila sentensi ina "sikia" mbele yake. Sikupanga. Kwa Kiingereza mhusika wangu hangeweza kabisa kusema vile.

Nikatia mkono kofiani kumshawishi mlinzi. Nikatoa nne, haikutosha. Hakuniamini, akafunga lango, tukalala nje na mizigo yetu.

Jumapili hii tunaanzia hapo. Viti viwili bado vitupu.