Siku moja na familia inayopiga kelele mezani

Saa kumi na moja alfajiri. Dodoma mwezi wa saba baridi inauma. Natoka Nkuhungu nimejifunga kanga juu ya sweta, begi la vifaa mgongoni. Mimi ni fundi sauti, na wiki hii tunashuti komedi ya familia ya waigizaji wa jukwaani. Baba, mama, watoto na bibi wamezoea kumbi zisizo na spika, na hata nyumbani hakuna anayejua kusema taratibu.

Saa moja na nusu. Chai, chapati, kisha nawabandika waigizaji maiki ndogo kifuani. Nyumba tuliyokodi haiko mbali na uwanja wa ndege, ambao uko mjini kabisa. Ndege ikiruka, kazi inasimama.

Saa tatu. Sini ya chumvi. Baba anaomba chumvi mezani kama mfalme anayeaga jeshi lake. Mama anamjibu kwa uzito uleule huku mkono wake ukitetemeka juu ya kibakuli, na binti anasimama kabisa ili aingilie kati. Baada ya kurudia mara ya pili nikamfuata mzee anayecheza baba.

"Shikamoo baba. Sauti yako ni kubwa mno, mita yangu inagonga nyekundu."

"Marahaba mwanangu. Nikiipunguza, huyu baba hayupo tena."

Ni kweli tupu. Komedi hii inachekesha kwa kuwa ndani yake hakuna anayejaribu kuchekesha. Kwao chumvi ni jambo zito. Mwigizaji akianza kutukonyeza, kicheko kimekufa. Basi nikashusha kipimo cha kurekodi, nikaisogeza maiki mbali kidogo na mdomo, sauti ya mzee nikaiacha kama ilivyo.

Saa saba. Ugali wa mtama na mlenda. Bati limeshapata jua, linalia tak-tak, kwa hiyo ndani hakurekodiki.

Saa tisa tuko uani. Bibi amekasirishwa na mwanawe na hataki kumjibu kwa maneno: anabana ngoma ya muheme mapajani, anapiga. Kwa Wagogo, muheme ni ngoma ya wanawake, na mama anayecheza bibi ameipiga tangu usichana. Viganja vyake vinagonga ngozi, uso hauchezi hata kidogo. Mpiga kamera alijiziba mdomo. Ukoo wa wasanii si kitu cha kuazima huku kwetu. Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo aliyefariki mwaka 2003, aliacha ukoo wa wanamuziki, na Pendo na Leah Zawose walitoa albamu yao mwaka 2024. Natamani sana familia za namna hiyo zionekane kwenye filamu zetu, na ugomvi wao na mapenzi yao.

Saa kumi na mbili jioni. Nahamisha mafaili kwenye diski mbili. Kwenye sini ya chumvi, muongozaji anaipenda rekodi ya kwanza, mimi naitetea ya tatu. Nikampa hedifoni asikilize: kwenye ya kwanza kuna mlio wa ndege. Tumechukua ya tatu. Kesho ni sini ya familia nzima kugombea nani atasoma risala ya harusi, wote wakisema kwa pamoja, na nimeshaagiza betri za ziada.