Hariri ya Lamu

Mfumaji akiingia mji wa watu huulizia uzi kabla hajaulizia chakula. Mwaka 2012 tulitoka Tanga kundi zima kwenda Lamu kwenye Maulidi: Horohoro, Likoni, usiku mmoja Malindi, kesho yake boti pale Mokowe. Wenzangu mawazo yao yote yalikuwa kwenye msikiti wa Riyadha. Yangu pia, ila mkobani nilikuwa na sindano zangu za kufumia za milimita 3, na nilikuwa natafuta hariri ya kufumia shali.

Nilikuwa nimesoma kwamba katika karne ya 16 Wareno walinunua nguo za hariri za Pate, kisiwa jirani na Lamu, na kwamba wafumaji wa huko walikuwa wakifumua vitambaa vilivyoletwa kutoka ng'ambo, kisha wakavifuma upya kwa mtindo wao. Mtu anayefumua kitambaa kizima ili apate uzi huyo ni ndugu yangu. Nikajipa tumaini kwamba biashara ile itakuwa imeacha masalia katika duka fulani la Lamu. Miaka mia nne na ushee ni nini?

Duka la kwanza la Usita wa Mui, njia kuu ya mji, lilikuwa na akriliki tupu, uzi wa plastiki, ya waridi na ya kijani, ile ya kufumia vitambaa vya makochi. "Shali? Na joto hili?" mwenye duka aliniuliza, akarudi kwenye redio yake. Duka lililofuata, mwenyewe alipanda ngazi akashusha koni ya uzi unaong'aa, rangi ya samli. "Hariri safi, dadangu. Yatoka India." Bei aliyonitajia niliizidisha kwa 18 kuipata kwa shilingi za kwetu, nikameza mate. Lakini uzi ulikuwa ukiteleza kidoleni vizuri mno, na mkono ulishafika kwenye pochi.

Barazani hapo nje alikaa mzee mmoja akishona kofia ya vito, amejiinamia, anazungushia uzi vijitundu ambavyo mimi hata kuviona ilinibidi nisogee. Nilikuwa nimemwamkia wakati naingia.

"Umeuchoma?" aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Niuchome, babu?"

"Mimi nashona kofia za wanaume, mwanangu, na hariri kwa mwanamume haramu. Uzi mgeni siushoni mpaka niuchome nijue ni kitu gani."

Akaomba kiberiti. Mwenye duka, ambaye nyuma yake rafu nzima ilikuwa ya viberiti, alianza kukitafuta pasipokuwapo. Mzee akatoa chake mfukoni.

Hariri ikiungua hunuka nywele, sawasawa na sufu, kwa kuwa vyote viwili ni protini ya wanyama. Huwaka kwa kusitasita, na jivu lake jeusi husagika ukilifinya. Akriliki na poliesta huyeyuka, zikaacha kidonge kigumu. Uzi wetu ulishika moto palepale, ukateketea mbio, ukanuka karatasi.

"Huu mti," mzee alisema. "Si mdudu."

Ilikuwa reyoni, ambayo kweli hutengenezwa kwa ubao uliosagwa. Mwenye duka aliapa kwamba naye aliuziwa kama hariri, na mimi namwamini. Hata hivyo hakupunguza bei.

Mzee akanionyesha uzi wake mwenyewe, pamba nyeupe yenye mng'ao, ambayo duka lilelile liliuza kwa bei ya kawaida kabisa. Kwa sindano zangu ulikuwa mwembamba mno. Tukaunganisha nyuzi mbili, ukalegea; tatu, bado; nne zikakaa. Nikafuma kipande cha kiganja palepale barazani, na watoto wa madrasa wakakusanyika kutazama mtu anayefuma sweta Lamu.

Shida ikawa weupe. Vidonge vya uzi mweupe vilivyotiwa rangi siku tofauti havifanani: kimoja kina ubuluu, kingine kimeelekea maziwa, na chini ya taa ya duka vyote ni ndugu. Vinahitaji jua, na vichochoro vya Lamu vimebanana kiasi kwamba jua huchungulia tu. Basi tukabeba boksi zima mpaka Mkunguni, mbele ya ngome, tukavipanga kwenye kanga yangu huku punda wakitupitia. Mzee alikuwa na jicho kali kuliko langu. Alitupa nje karibu nusu ya vile nilivyochagua, na kila alichokitupa alikitupa kwa haki.

Tulipomaliza nilitaka kumpa chochote. Akakataa, akaomba tu kile kipande cha jaribio, akakigeuza pande zote mbili, akavuta pembe.

"Hii itarefuka," alisema. "Pamba ikivutika hairudi."

Shali nilimfumia wifi yangu kwa harusi ya mdogo wake. Ilipofuliwa mara ya kwanza ikamfika magotini. Siku hizi anajifunika nayo usiku.