Siku moja maishani mwangu: Cessna 152 ya Wilson, ndani ya kompyuta

Saa 12:25 asubuhi

Sihitaji kengele ya simu. Naishi Nairobi West, ghorofa ya nne, na upepo ukija vizuri nasikia Cessna ya kwanza, ndege ndogo, ikiwashwa pale Uwanja wa Ndege wa Wilson. Inakohoa mara mbili, inashika, kisha inatulia kwenye ule mngurumo wa silinda nne. Mke wangu hudai kwamba mtoto akilia mimi nageukia ukutani, ila injini ikikosa pigo moja nimeshakaa kitako. Ananionea. Kidogo.

Kazi yangu ni kuunda ndege ndogo za mafunzo kwa ajili ya simulata, yaani programu za kompyuta za kuigiza urushaji wa ndege, hasa ile iitwayo X-Plane. Tuko wanne, kila mtu na nchi yake. Mmoja anarekodi na kupanga sauti, mmoja anaandika programu za mitambo, mmoja anauza na kujibu wateja wenye hasira. Mimi nimeachiwa umbo, ngozi (ndivyo tunavyoziita picha zinazofunika umbo) na tabia ya ndege ikiwa hewani. Huu ni mwezi wa tano tukiwa na Cessna 152.

Najua utakachouliza, maana hata mama mkwe aliuliza: ndege hiyo si imeshatengenezwa? Imetengenezwa, tena sana. Cessna waliunda 152 kuanzia 1977 hadi 1985, zaidi ya 7,500, na nusu ya marubani unaowajua huenda walijifunzia humo au kwenye 150 iliyoitangulia. Simulata nazo zinazo. Lakini karibu zote ninazozijaribu zimezaliwa pwani ya bahari na hazijawahi kuzeeka: rangi inang'aa, plastiki nzima, injini mbichi. Mimi nataka ile ya Wilson, futi 5,546 juu ya usawa wa bahari, ambayo imebeba wanafunzi tangu kabla sijazaliwa.

Na hapo ndipo penye shida. Jana usiku niliirusha kutoka Wilson, watu wawili ndani, matangi yamejaa, joto nyuzi 20. Ikapanda futi 680 kwa dakika. Nilifunga kompyuta nikalala nimekasirika. Kitabu cha ndege chenyewe kinasema 715, na hiyo ni usawa wa bahari! Hapa kwetu, ndege ya nguvu farasi 110 ikikupa mia nne na kitu unashukuru.

Saa 1:10 asubuhi

Chai, mkate, mtoto kwenye basi la shule. Kwenye kompyuta nabadilisha kitu kimoja tu: kipenyo cha pangaboi, nikidhani nilikosea inchi. Sikukosea, ni inchi 69. Naacha.

Saa 2:00 asubuhi

Naingia hanga nikiwa na jaketi la reflekta, kamera, tepu ya kupimia na kadi ya rangi ya kijivu ya kusawazishia picha. Shule ya urubani yenye hanga hilo imeniruhusu kuja siku mbili kwa wiki, mradi nisiguse ndege inayotoka na nisimsumbue fundi. Sharti la pili nalivunja kila nikija.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Leo waja kupima nini tena? Wapima kama mshonaji."

Fundi ni mtu wa Likoni, Mombasa, ana miaka mingi kwenye injini hizi kuliko mimi duniani. Leo 152 yetu iko ndani, kifuniko cha injini kimetolewa kwa ukaguzi. Kwangu hii ni sikukuu. Napiga picha kila bomba, kila waya, jinsi mirija ya moshi ilivyogeuka rangi kutoka fedha hadi kahawia hadi ile bluu ya mahali penye joto zaidi. Mteja hawezi kufungua kifuniko chote kwenye simulata, ila kuna kile kimlango kidogo cha kuangalia oili. Atakifungua. Watu wa simulata hufungua kila kinachofunguka.

Halafu nakaa kiti cha kushoto. Hapa nakaa karibu saa nzima, na asiyejua angesema nimelala. Naangalia usukani: upande wa kushoto, pale kidole gumba cha mwanafunzi kinapokaa, weusi wa plastiki umelika ukawa laini kama kokoto ya mtoni. Upande wa kulia, wa mkufunzi, uko kama mpya, maana mkufunzi hashiki mpaka mambo yaharibike. Kifundo chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa kimekwaruzwa pembeni. Gurudumu la kusawazisha mkia lina vumbi kwenye meno yote isipokuwa yale matano sita yanayotumika. Hivi vitu havimo kwenye michoro ya kiwandani. Ukiweka uchakavu ovyo ovyo, kama unavyonyunyiza chumvi, rubani atahisi kuna kitu si sawa hata kama hawezi kukitaja. Uchakavu una mikono iliyouleta.

Namwonyesha fundi kazi yangu kwenye kompyuta ndogo. Anavaa miwani. Anaisogeza ndege kwa kidole, anaizungusha, anatazama ribiti, yaani misumari inayoshika mabati. (Zile za mbali nimezichora tu kwenye ngozi zikacheza na mwanga, zilizo karibu na jicho la rubani, kwenye ubavu wa mlango na chini ya bawa, zimeinuka kweli, moja moja. Wiki nzima hiyo.) Anafika kwenye plastiki ya nguzo ya mlango, iliyopauka ikawa rangi ya meno ya mvuta sigara, na ule ufa wake ambao niliunakili kwa mapenzi makubwa. Anasimama.

"Huu ufa hauna tundu."

"Tundu gani, mzee?"

Ananivuta mpaka kwenye ndege yenyewe. Kweli, mwisho wa ufa, pale unapokaribia kupotea, kuna kitundu cha duara, nadhifu, kidogo kuliko punje ya dengu. Nilikuwa nimekiona kwenye picha nikadhani ni uchafu, nikakifuta.

"Ufa ukiuacha na ncha kali, mtikisiko wausukuma mbele. Ukitoboa pale mwisho, nguvu yazunguka duara, haina pa kukamata. Huu wako kesho utakuwa umefika dirishani."

"Si wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta?"

"Hao ni waashi. Sisi twautoboa."

Saa 4:30 asubuhi

Bado hangani. Kabla sijaondoka namuuliza kuhusu ile 680. Hacheki. Anasema tu, "Ndege hii ukiiteremsha Mombasa yarudi ujana. Huku juu hewa nyembamba, injini yavuta pumzi nusunusu. Sasa hiyo yako yajua iko Nairobi?"

Swali hilo nalibeba njia nzima. Napita kando ya uzio wa Lang'ata Road, 152 nyingine inapaa ikielekea upande wa mbuga, pua juu, ikipanda kwa subira ya punda aliyebeba maji. Uwanja huu ni wa zamani. Jina ni la Florence Kerr Wilson, mama aliyeanzisha shirika la ndege la Wilson Airways mwaka 1929. Tangu hapo kila injini isiyo na msaada wa turbo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) imelipa ushuru uleule wa hewa hapa.

Isipokuwa ya kwangu.

Saa 6:00 mchana

Kibandani, chapo mbili na madondo. Nakula huku nachora kwenye risiti.

X-Plane haisomi kutoka kwenye jedwali kwamba ndege fulani ipande kiasi fulani. Inalikata bawa vipande vipande, inahesabu nguvu ya hewa kwenye kila kipande, pangaboi vilevile, kisha inajumlisha, mara nyingi kila sekunde. Ndiyo maana naipenda: ukiipa umbo sahihi (kwa 152 ni mkato wa bawa wa NACA 2412, ulioinama kidogo zaidi shinani kuliko nchani) inarudisha tabia ambazo hukuziandika popote. Na ndiyo maana ukidanganya mahali pamoja, uongo unatokea kwingine kabisa. Umbo langu nimelipima mara tatu. Uzito, kilo 757 za juu kabisa, uko sawa. Basi uongo uko kwenye pumzi ya injini.

Saa 7:20 mchana

Nimefika tu, stima ikapotea. Mtaa mzima. Betri ya kompyuta ndogo inanipa saa moja na nusu, na kompyuta ndogo hiyo haiwezi kuendesha simulata, ila inafungua Plane Maker, karakana ya X-Plane ambamo namba zote za ndege zinaishi. Pengine ilikuwa heri, kwa sababu badala ya kuruka na kuruka tena nikalazimika kusoma. Ukurasa wa injini, mstari kwa mstari.

Nikauona. Kuna namba inayosema injini iendelee kutoa nguvu zote mpaka mwinuko gani kabla haijaanza kuchoka. Ndege yenye turbo inaiwekea maelfu ya futi. 152 haina turbo. Inatakiwa isome sifuri. Yangu ilikuwa inasoma 6,000. Nilianza faili hili miezi mitano iliyopita kwa kunakili mradi wa zamani, ndege nyingine yenye turbo, nikabadilisha kila kitu isipokuwa mstari huo mmoja. Injini yangu ilikuwa Wilson ikidhani iko Likoni. Mzee aliona kwa swali moja, bila kujua kompyuta inawashwa wapi.

Nikaandika 0. Nikakaa nikisubiri stima kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Saa 10:05 jioni

Stima imerudi. Wilson, njia ya kurukia 14, joto nyuzi 20, uzito wa juu. Nasukuma nguvu zote, kifundo chekundu kimesukumwa ndani mpaka mwisho. Injini inanguruma kwa uvivu, ina kitu kama mafua. Inapanda futi 340.

Sasa nimeshuka mno? Hapana, nimesahau nilichofundishwa. Nina saa 17 za mafunzo kwenye daftari langu, fedha zikakata kabla sijaruka peke yangu, na somo lililobaki kichwani kuliko yote ni hili: kiwanja kikiwa juu ya futi 3,000, kabla ya kuondoka unatia nguvu zote ukiwa umesimama, unavuta kifundo chekundu taratibu, mizunguko ya injini inapanda, inafika kilele, unaacha hapo. Hewa ni chache, basi na mafuta yapunguzwe. Mwanafunzi wa Mombasa anaweza kumaliza wiki bila kuligusa hilo. Wa Wilson analifanya siku ya kwanza.

Navuta. Mizunguko inapanda, sindano inatetemeka, mafua yanaisha. Naruka tena. Futi 430, halafu 420 nikiwa napita juu ya mbuga. Jedwali la kitabu kwa mwinuko na joto hilo liko palepale. Nilipiga meza, chai ikamwagika kwenye kibodi. Herufi "a" sasa inabonyezwa kwa nguvu.

Nawaandikia wenzangu. Huwa tunapanga saa kwa Zulu (saa moja ya dunia nzima, UTC), kama marubani, na hapo ndipo akili huchoka: saa 10 jioni yangu ni 16:00 ya simu na 13:00 ya Zulu. Mara mbili nimewahi kuingia kikao nikajikuta peke yangu. Leo nimepatia. Wa sauti ameuliza kama hayo mafua yana sauti. Yanayo, nimeyarekodi, namtumia.

Saa 1:30 usiku

Kijana wa ghorofa ya pili anakuja. Yuko katikati ya mafunzo yake, anaruka 152 hii hii, na ndiye mjaribu wangu mkali kuliko wote kwa kuwa hana adabu. Namkalisha, simwambii nilichobadilisha.

Anawasha. Anapandisha hadi mizunguko 1,700, anajaribu magneto, zile mbili zinazoipa injini cheche, kushoto, kulia; mizunguko inashuka kama inavyotakiwa, chini ya 125, bila kupishana zaidi ya 50. Anavuta joto la kabureta, anarudisha. Halafu, bila kufikiri, mkono wake unaenda kwenye kifundo chekundu cha kwenye skrini na kukivuta mpaka injini inyooke. Hakusema lolote. Wala sikumwuliza. Jana, kwenye ndege ileile, mkono huo haukuwa na la kufanya.

Anaruka dakika 20, anatua kwa kudunda, anailaumu modeli.

"Bro, breki ya kulia mbona inashika sawa na ya kushoto? Ile yetu inavuta upande."

Naandika: breki.

Saa 4:15 usiku

Nyumba imelala. Nafungua Blender, programu ya kuchongea maumbo, nasogea kwenye nguzo ya mlango, karibu kabisa, mpaka ufa unajaza skrini kama korongo la Bonde la Ufa. Mwisho wake nakata duara la pande kumi na mbili, nalizamisha kidogo, napaka kivuli na vumbi kwenye ukingo. Naupiga picha ufa huo na kumtumia mzee, nikijua ameshalala.

Hajalala. Ujumbe unaingia kabla sijazima taa.

"Kubwa mno hilo. Sisi hutoboa kwa keekee ya milimita tatu. Hapo umetoboa pa kupita panya."

Nawasha kompyuta tena.