Saa moja ya kuandika ndiyo inayoamua pupileji

Mwanafunzi wa Chuo cha Mafunzo ya Uanasheria cha Kenya (KSL), kilichoko Karen, Nairobi, ana mitihani ya masomo tisa na miezi sita ya pupileji, yaani mafunzo ya kazini, chini ya wakili aliyefanya uwakili kwa angalau miaka mitano. Bila miezi hiyo haapishwi kuwa wakili. Ndiyo maana maombi humiminika kwenye kampuni za mawakili, na mengi huwekwa kando hata kabla ya kusomwa yote.

Barua iwe ukurasa mmoja, wasifu usizidi kurasa mbili. Hakikisha jina la kampuni nyingine halijabaki kwenye aya ya pili. Kosa hilo peke yake linatosha kukuondoa. Kama ofisi inashughulikia zaidi uuzaji wa ardhi, anza na ulichojifunza kuhusu mikataba na hati miliki. Ofisi ya mawakili wawili watatu mara nyingi haitangazi nafasi, kwa hiyo peleka barua mwenyewe na umuulize karani ni wakili gani husimamia wanafunzi.

Ofisi nyingi hutoa jaribio la kuandika, na hapo ndipo wenye alama nzuri huanguka. Chukua swali la aina hii: mteja aligongwa na gari miezi 14 iliyopita, anataka fidia, mwandikie mdaiwa barua ya madai. Mwombaji anakumbuka kwamba muda wa kushtaki ni miaka mitatu, anaandika kwa raha zake. Hakuona mstari unaosema gari lilikuwa la wizara. Kesi ya namna hiyo dhidi ya Serikali hufunguliwa ndani ya miezi 12, kwa hiyo jambo la kwanza ni kumtahadharisha wakili kwamba muda umepita. Soma maelezo mara mbili na uzungushie kila tarehe na kila mhusika kabla ya kuandika neno.

Ukiambiwa uandae hati ya madai, ile ya kufungulia kesi mahakamani, usiishie kwenye hati yenyewe. Kanuni za mwenendo wa kesi za madai za 2010 zinadai pia kiapo cha kuithibitisha, orodha ya mashahidi, taarifa zao zilizotiwa saini na nakala za vielelezo. Taarifa za mashahidi ndizo husahaulika zaidi.

Kwenye mahojiano tarajia swali la maadili: mteja amekuletea pesa taslimu na wakili hayupo, utafanyaje? Usizitie mfukoni hata kwa dakika tano. Mpeleke kwa mhasibu apewe risiti, na pesa ziingie kwenye akaunti ya wateja. Usipojua jibu la swali la sheria, sema hujui, kisha utaje sheria ambayo ungeanza kuifungua. Kubuni kifungu ni kosa baya kuliko kunyamaza.

Nawe uliza kuhusu posho kabla ya kukubali. Kumtuma mtu kwenye mahakama za Milimani kila siku kwa nauli yake mwenyewe ni dhuluma, na ofisi iliyojipanga hutaja kiasi bila kusita.