Nilivyokaa kwenye trela shambani kwetu msimu mzima wa baridi

Kila anayesikia nimekaa kwenye trela msimu mzima wa baridi ananiuliza nilikuwa napataje joto. Joto jamani ni kazi ya mara moja, ukishakuwa na hita nzima na gesi ipo umemaliza. Kinachokuweka macho kuanzia theluji ya kwanza mpaka ya mwisho ni maji: ya kwenye mabomba, machafu ya kwenye matangi, na yale usiyoyaona kabisa yanayotoka kwenye pumzi yako na kwenye sufuria yanaenda kujificha nyuma ya kabati. Naandika haya kwa mtu anayejipanga kufanya kama mimi, maana ushauri mwingi niliopewa ulikuwa wa hita tu.

Trela ninayoongelea ni ile ya kuvutwa na gari, ina kitanda, jiko, choo na bafu humohumo. Nyingi zimetengenezwa kwa safari za kipindi cha joto, ukuta mwembamba, sakafu iko hewani, upepo unapita chini utakavyo. Nyumba ya wazee ilikuwa imejaa, baba naye alihitaji mtu wa kuamka nae alfajiri kwenye mifugo, trela ipo imekaa tu, basi tukaona niingie humo. Kabla ya yote tuliuliza sheria za pale kwetu, na wewe uliza za kwako, kwa sababu sehemu nyingi zina masharti ya kuishi kwenye trela hata kama ardhi ni ya familia, hasa upande wa maji taka. Bima pia, soma vizuri mkataba wako, kuna bima za trela ambazo hazimlipi mtu anayeishi humo muda wote.

Sehemu ya kuiweka mimi nilitaka karibu kabisa na mstari wa miti, nikijua inazuia upepo. Baba akaniambia, "Mwanangu, usiangalie upepo peke yake, angalia theluji inalala wapi." Na ni kweli, miti inapunguza kasi ya upepo, na upepo ukipungua kasi unaangusha theluji yote uliyobeba palepale nyuma ya miti, kwa hiyo ukikaa hapo unafukiwa. Tukasogea mbele kidogo, bado tuna kinga ya upepo ila lundo linaishia kabla ya kufika mlangoni. Afu akanionyesha maji ya theluji yanapopita ikianza kuyeyuka, sehemu ambayo wakati wa ukavu huwezi hata kuihisi. Hii ndo faida ya shamba la familia ambayo hela hainunui, una mtu aliyeiona ile ardhi kila msimu miaka yote. Kama una mzee wa hivyo mtembeze shamba zima kabla hujaweka hata tairi moja. Chini ya matairi na jaki tukaweka mbao nene, ili zisigandane na udongo na pia zisizame ardhi ikilainika.

Kilichofuata ni kuivalisha trela sketi, yaani kuzungushia ile nafasi ya chini yote upepo usipite. Tulipiga fremu ya mbao tukaweka bodi za povu gumu unene wa sentimita 5, viungo vyote tukaziba kwa utepe. Shambani marobota ya nyasi kavu yapo mengi na watu wengi wanayapanga kuzunguka trela, yanazuia upepo kweli, lakini panya wanayapenda, yakilowa yanaoza, na moto ukishika hapo huna pa kukimbilia. Mimi sikuyataka karibu. Kwenye sketi acha kimlango cha kufikia valvu za matangi. Mitungi ya gesi ibaki nje ya sketi, hilo sio la kujadili, propeni, ndo gesi iliyomo, ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu, ikivuja inatulia chini kwenye nafasi iliyofungwa inasubiri cheche. Na bomba la kutolea moshi wa hita lisizibwe na sketi wala na theluji, nilikuwa nalipitia kila asubuhi na koleo mkononi kabla sijaenda kwa ng'ombe.

Sasa maji yenyewe. Maji yakiganda yanaongezeka ujazo karibu asilimia 9, ndo maana bomba linapasuka, na unagundua siku barafu inayeyuka, sakafu imeshalowa. Njia walionishauri wengi ni kuunganisha mpira wenye waya wa kupasha joto na kuuacha umeunganishwa muda wote. Inafanya kazi, ila sisi pale shambani tuna koki ile ndefu ya kuzuia kuganda, ambayo valvu yake iko chini kabisa ardhini chini ya kina kinachoganda. Ukiinua mkono wa koki maji yanapanda, ukishusha, valvu inafunga kule chini na maji yaliyobaki kwenye bomba yanashuka yanatokea kwenye kitundu yanaingia ardhini. Mpira ukibaki umefungwa hapo juu hewa haiingii, maji hayashuki, bomba linaganda limejaa. Kwa hiyo nikachagua kujaza tangi la ndani ya trela kila linapokaribia kuisha, afu nafungua mpira, naunyanyua upande mmoja maji yatoke yote, naukunja naingia nao ndani. Kwenye koki unashusha mkono unaweka kiganja kwenye mdomo wake, utasikia inakivuta taratibu, hiyo ni hewa inaingia maji yakishuka. Usipousikia ule mvuto usiondoke, maana maji bado yako juu. Mdogo wangu alikuwa anaona nachelewa pale na baridi yote ile lakini koki haikuganda hata mara moja.

Mabomba ya ndani mengi yanapita nyuma ya makabati karibu na ukuta wa nje, huko joto la chumba halifiki. Usiku wa baridi kali nilikuwa naacha milango ya makabati wazi, hasa chini ya sinki. Kwa maji machafu, valvu zote zikae zimefungwa mpaka tangi lijae ndo umwage kwa mkupuo, kwa sababu ukiacha wazi maji yanatiririka kidogo kidogo, yanaganda kwenye bomba tabaka juu ya tabaka mpaka linaziba. Nilikuwa namimina na antifrizi, dawa ya kuzuia maji yasigande, kwenye sinki na choo, ile ya propileni glaikoli inayouzwa kwa ajili ya mabomba. Ile ya injini ya gari ni sumu, ina ethileni glaikoli, na shambani kuna mbwa, paka na mifugo, isisogee kabisa. Tulimwaga kwenye mfumo wa maji taka wa nyumba kubwa baada ya kupata ruhusa, kumwaga shambani au karibu na kisima ni kujitafutia maradhi.

Kuhusu joto niseme haraka. Trela yangu ina hita ya gesi inayosukuma hewa ya moto kwenye njia zinazopita sakafuni, na zile njia ndo zinapasha joto matangi yaliyo chini. Kwa hiyo hata kama umeme kwako ni rahisi kuliko gesi, ukitegemea hita ya umeme peke yake wewe unakaa vizuri huko chini kunaganda. Nilitumia zote mbili, ya umeme mchana, ya gesi usiku. Hita ya wati 1500 kwenye umeme wa volti 120 inavuta ampea 12.5, kwenye volti 230 ni kama 6.5, na ukiwa unavuta umeme kutoka zizini unahitaji waya mnene wa nje, usio na viraka, na uunyooshe wote, ukiuacha umejikunja unapata moto. Plagi niliishika kwa mkono mara kwa mara, ikiwa ya moto kuna tatizo, unazima kwanza. Gesi hakikisha ni propeni, inageuka mvuke mpaka nyuzi -42 hivi, wakati buteni, gesi nyingine ya mitungi, karibu na nyuzi 0 inagoma, na ile mitungi ya mchanganyiko inakuangusha usiku wa manane. Hata propeni presha inashuka baridi ikizidi na mtungi ukiwa karibu kuisha, hivyo nilikuwa na mitungi miwili muda wote na sikusubiri wa kwanza uishe kabisa ndo nitafute wa kujaza.

Jiko la gesi sio hita. Naomba hili ulichukue kwa uzito. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto usioungua vizuri, haina harufu wala rangi, inakuua umelala, alamu yake ni lazima na betri zake uzipime. Halafu jiko lenyewe linamwaga maji, kila kilo 1 ya propeni ikiungua inatoa kama kilo 1.6 za mvuke wa maji, na kama moto hauna bomba la kutolea nje mvuke wote huo unabaki na wewe ndani.

Na hapa ndo tunafika kwenye kile nilichosema mwanzo. Trela ni ndogo, unapika, unaoga, unapumua usiku mzima, mvuke hauna pa kwenda, unatafuta sehemu yenye baridi kuliko zote unageuka maji. Dirishani utauona, unafuta. Usikouona ni chini ya godoro. Lile godoro linalala juu ya ubao, joto la mwili linapita juu, chini ubao una baridi, asubuhi ukiliinua unakuta upande wa chini una jasho, matone madogo madogo kabisa yamejipanga, na ukiacha wiki chache unakuta madoa meusi ya ukungu na harufu ambayo hata jua haliiondoi. Nilitengeneza chaga za mbao nikaziweka kati ya ubao na godoro hewa ipite, na kila asubuhi nalisimamisha kidogo wakati nachemsha chai. Makabati ya ukuta wa nje sikuyajaza mpaka nyuma, nguo niliziacha zipumue. Nilinunua kile kipima unyevu kidogo cha kuning'iniza, nikawa najitahidi isipite asilimia 50, ikipita nawasha mashine ya kukausha hewa na nafungua tundu la juu ya paa kidogo. Ndio, na baridi ilivyo unafungua tundu, mama aliposikia alinishika kichwa, lakini hewa ya nje ya baridi kali ina mvuke mchache sana, ikiingia ikapata joto inakuwa kavu. Unapoteza joto kidogo unapata ukuta mkavu. Nguo zilizofuliwa hazikukaushwa ndani ya trela hata siku moja, zilienda nyumba kubwa, na sufuria zote zilipikwa na mfuniko.

Vingine vidogo. Panya wanahamia kwako baridi ikianza, kila tundu la bomba na waya nililijaza stiliwaya ya kusugulia masufuria. Betri ya asidi ikiwa imejaa chaji haigandi kirahisi, ikiisha inaganda, na zile za lithiamu usizichaji chini ya nyuzi 0 kama hazina hita yake. Theluji ya paani niliishusha kwa fagio laini ikiwa bado mbichi na nyepesi, ikinyeshewa mvua ukaiacha inakuwa mzigo wa hatari na inatafuta ufa wa kupenyeza maji.

Mambo ya familia nayo yaongelewe mapema. Tulifunga mita ndogo ya umeme kwenye laini yangu, nikawa nalipa ninachotumia bila mtu kuniuliza, na tulikubaliana siku za baridi iliyopitiliza naoga nyumba kubwa ili nisijaze tangi. Baba alikuwa anagonga dirisha alfajiri kwa fimbo, hodi mara mbili, anaendelea zizini bila kusubiri, najua ameshapita. Jioni tunakula wote. Kiukweli bila nyumba kubwa kuwa jirani hivi nisingemshauri mtu ajaribu msimu wake wa kwanza akiwa peke yake, unahitaji mahali pa kukimbilia gesi ikigoma.

Theluji ikianza kuyeyuka usilegeze kamba mapema. Mchana maji yanatiririka, usiku yanaganda tena, huo ndo wakati mabomba mengi yanapasuka kwa sababu watu wameshazima waya za joto. Ardhi nayo inakuwa tope, jaki moja inazama kuliko nyingine, mlango unaanza kukwama, kwa hiyo pima usawa kila siku chache na uongeze mbao. Sketi niliifungua upande mmoja kwanza mchana wa jua, chini kupate hewa kukauke, usiku nafunga, mpaka barafu ya usiku ilipoacha kabisa ndo nikaitoa yote nikaipanga zizini na namba kwenye kila bodi kwa ajili ya msimu ujao.