Nilivyoipa kila mstari wa orodha rangi na fonti yake bila kuichora orodha nzima

Orodha yenyewe ni ya magunia ya kahawa katika ghala moja karibu na Mbale, Uganda. Ina safu tano: namba ya mkulima, kilo, unyevu, daraja na malipo. Karani wa mizani alitaka gunia lenye unyevu uliozidi asilimia 12 lionekane jekundu, tena kwa herufi nene, kabla wapagazi hawajalipeleka kwa makavu. Gunia moja bichi likilala katikati ya rundo huota ukungu na kuwaambukiza majirani zake. Gunia lililorudishwa kwa mkulima nalo lipigwe mstari katikati ya maandishi, lakini lisifutwe, maana jioni lazima hesabu zilingane. Programu ni ya lugha ya C, na orodha ni kidhibiti cha kawaida cha Windows (kipande cha dirisha kilichokwisha tengenezwa, kama kitufe), kiitwacho ListView, katika mtindo wa safu.

Ushauri wa kwanza niliopewa, na niliupata kwa zaidi ya mtu mmoja, ulikuwa: weka LVS_OWNERDRAWFIXED, alama ya mtindo inayokukabidhi upakaji wa mistari, uchore kila kitu mwenyewe. Ushauri huo bado unanikera. Ukiweka alama hiyo, kidhibiti kinanawa mikono kabisa. Maandishi ya kila safu ni kazi yako. Rangi ya mstari uliochaguliwa ni yako, na ule mzunguko wa vidoto kwenye mstari wenye fokasi pia. Nukta tatu za neno lisilotosha unazichora wewe, na tarakimu za kilo ni wewe wa kuzisukuma kulia zikae chini ya kichwa chao. Siku mbili zilikwisha, msimbo ukapita mistari 150, na safu ya kilo ilikuwa bado imepinda. Yote hayo kwa sababu ya rangi ya herufi!

Njia sahihi ni ujumbe wa NM_CUSTOMDRAW, unaofika ndani ya WM_NOTIFY, ujumbe ambao kidhibiti hulitumia dirisha lililokibeba. Hapa huchori kitu. Kidhibiti kinakuuliza na wewe unajibu. Kwanza kinauliza kuhusu orodha nzima, hatua iitwayo CDDS_PREPAINT. Ukitaka kiendelee kukuuliza mstari kwa mstari, unajibu CDRF_NOTIFYITEMDRAW. Kisha kwa kila mstari kinakuja na CDDS_ITEMPREPAINT, na hapo ndipo unapoandika rangi katika clrText, unaweka fonti yako kwa SelectObject, na kujibu CDRF_NEWFONT. Ukibadilisha rangi peke yake, CDRF_DODEFAULT inatosha.

Niliandika hivyo, nikajenga, nikafungua. Orodha nyeusi tupu, hakuna hata herufi moja nyekundu. Nikakagua sharti la unyevu: sawa. Nikafuta sharti lote nikaamuru kila mstari uwe mwekundu: bado nyeusi. Nikaweka vihesabu viwili, kimoja kwa kila hatua. Cha PREPAINT kilipanda kila orodha ilipopakwa. Cha ITEMPREPAINT kilibaki sifuri. Maana yake kidhibiti kiliuliza swali la kwanza, nikajibu, na jibu halikukifikia.

Chanzo ni dirisha lenyewe. Orodha yangu ilikaa ndani ya daialogi, na kitendaji cha daialogi, yaani msimbo wako unaopokea ujumbe wake, hakirudishi jibu la ujumbe. Kinarudisha ndiyo au hapana tu: nimeushughulikia au sijaushughulikia. Mimi nilirudisha CDRF_NOTIFYITEMDRAW moja kwa moja. Thamani yake ni 0x20, si sifuri, kwa hiyo Windows ikaisoma kama “ndiyo, ameshughulikia”, ikaenda kuchukua jibu halisi mahali pake pa kuwekwa, ikakuta sifuri. Na sifuri ni CDRF_DODEFAULT: paka kama kawaida. Jibu halisi linawekwa kwa SetWindowLongPtr, kisha ndipo unarudisha TRUE:

    NMLVCUSTOMDRAW *c = (NMLVCUSTOMDRAW *)lParam;
    LRESULT jibu = CDRF_DODEFAULT;
    if (c->nmcd.dwDrawStage == CDDS_PREPAINT)
        jibu = CDRF_NOTIFYITEMDRAW;
    else if (c->nmcd.dwDrawStage == CDDS_ITEMPREPAINT) {
        Gunia *g = (Gunia *)c->nmcd.lItemlParam;
        if (g && g->unyevu > 12.0) {
            c->clrText = RGB(192, 0, 0);
            SelectObject(c->nmcd.hdc, fontiNene);
            jibu = CDRF_NEWFONT;
        }
    }
    SetWindowLongPtr(hDlg, DWLP_MSGRESULT, jibu);
    return TRUE;

Nilipoongeza mstari ule wa DWLP_MSGRESULT, magunia manane yakawa mekundu papo hapo. Furaha niliyoipata siku ile sijaisahau. Kama orodha yako iko ndani ya dirisha la kawaida, si daialogi, hapo unarudisha jibu moja kwa moja na tatizo hili hutalikuta. Ndiyo sababu mifano mingi haina mstari huo: mwandishi wake hakuwa ndani ya daialogi.

Angalia RGB(192, 0, 0) hapo juu. Nilikuwa nimeandika 0xC00000, jinsi watu wa kurasa za wavuti wanavyoandika wekundu, na magunia yakatoka ya bluu. Windows hupanga bluu, kijani, nyekundu, kwa hiyo tumia RGB() kila mara.

Angalia pia lItemlParam. Mwanzoni nilitumia dwItemSpec, yaani nambari ya mstari, na ikaenda vizuri mpaka karani alipobofya kichwa cha safu ya kilo ili apange upya. “Ndugu, hii nyekundu imeruka kwa gunia la mwingine,” akaniambia. Alikuwa sahihi. Magunia yalihama, wekundu ukabaki mahali pake. Nambari ya mstari ni kiti, si mtu anayekikalia. Weka kielekezi cha rekodi (anwani yake katika kumbukumbu) katika lParam, nafasi ya data ambayo kila mstari hubeba, unapoingiza mstari, na usisahau LVIF_PARAM kwenye mask. Bila hiyo lParam haihifadhiwi, na ukisoma g->unyevu bila kukagua g kwanza programu inaanguka.

Sasa fonti, ambayo ndiyo iliyonichukulia muda mrefu kuliko vyote. Toleo la kwanza lilitengeneza fonti nene kwa CreateFontIndirect ndani ya ITEMPREPAINT yenyewe. Lilionekana zuri, likafanya kazi vizuri kwa takriban dakika ishirini, kisha herufi zikabadilika umbo, menyu zikatoka tupu, vitufe vikapakwa nusu. Unafunga, unafungua, mambo yanakuwa mazuri, halafu dakika ishirini tena. Nilidhani ni kompyuta ya ghala, ambayo ni kuukuu. Nikafungua Task Manager, nikawasha safu ya “GDI objects”, yaani vifaa vya kuchorea kama fonti na brashi ambavyo programu imevishika, nikatazama: namba ilikuwa inapanda kwa nane kila sekunde. Programu ilikuwa inapaka orodha upya kila sekunde ili kuonyesha mizani, na magunia mekundu kwenye skrini yalikuwa manane. Kwa kawaida Windows huipa kila programu nafasi ya vitu 10,000 vya GDI. Gawanya kwa nane: sekunde 1,250, dakika ishirini na ushee. Hesabu ilinyooka kama uzi.

Kwa hiyo fonti zinatengenezwa mara moja tu, katika WM_INITDIALOG. Usizibuni kutoka hewani. Iombe orodha fonti yake kwa WM_GETFONT, itoe maelezo yake kwa GetObject ndani ya LOGFONT, badilisha lfWeight iwe FW_BOLD, tengeneza ya kwanza. Rudisha uzito ulivyokuwa, weka lfStrikeOut, tengeneza ya pili. Hivyo jina na ukubwa vinalingana na mistari mingine. Katika WM_DESTROY zifute zote mbili kwa DeleteObject. Na ukubwa usiuguse: kimo cha mistari hutokana na fonti ya orodha nzima, kwa hiyo herufi kubwa zaidi zitakatwa kichwa.

Herufi nene huleta jambo jingine. Ni pana kuliko za kawaida, lakini LVSCW_AUTOSIZE hupima upana wa safu kwa fonti ya orodha. Matokeo yake ni kwamba magunia yale yale muhimu ndiyo yanayokatwa na kuwekewa nukta tatu. Wengine huongeza pikseli za kukisia. Mimi nilipata hila safi: zima upakaji kwa WM_SETREDRAW, ivishe orodha nzima fonti nene kwa WM_SETFONT, amuru kila safu ijipime, rudisha fonti ya kawaida, washa upakaji. Safu zinabaki na upana wa fonti nene, na karani haoni chochote kikitikisika.

Mstari ukichaguliwa, Windows huweka rangi zake za uchaguzi na wekundu wako hupotea. Unaweza kuondoa biti ya CDIS_SELECTED katika uItemState ukaweka rangi zako, lakini mimi niliacha. Unene na mkato wa katikati hubaki hata mstari ukichaguliwa, kwa hiyo karani bado anatambua. Skrini ya ghala inatazama mlango, na jua la alasiri likiingia, rangi haitegemeki. Unene wa herufi unaonekana.

Kama unataka safu ya unyevu peke yake iwe nyekundu, kwenye hatua ya mstari jibu CDRF_NOTIFYSUBITEMDRAW, kisha shughulikia CDDS_SUBITEM | CDDS_ITEMPREPAINT na usome iSubItem. Rangi na fonti uliyoweka huendelea kwa safu zinazofuata, kwa hiyo zirudishe za kawaida katika kila safu nyingine. Ukisahau, daraja na malipo nayo yatakuwa mekundu. Anayeandika kwa C# na Windows Forms ana njia fupi: ForeColor na Font za ListViewItem, na UseItemStyleForSubItems iwe false anapotaka seli moja tu.

Gharama haikuwa kubwa. Kikusanyaji cha GCC kupitia MinGW-w64 ni cha bure. Data ya intaneti ilinila kama shilingi elfu kumi hivi, na muda.

Kilichobaki kilikuwa kumetameta. LVS_EX_DOUBLEBUFFER, inayopaka kwanza kwenye kumbukumbu kisha kwenye skrini, ilikimaliza, lakini inahitaji comctl32 (maktaba ya vidhibiti vya Windows) toleo la 6, yaani lazima uambatanishe manifesti, maelezo yanayoiambia Windows itumie toleo hilo, na inawekwa kwa ListView_SetExtendedListViewStyle, si kwenye mtindo wa dirisha. Nikaondoa pia ule upakaji wa orodha nzima kila sekunde. Uzito unapobadilika, ListView_RedrawItems(hOrodha, i, i) hupaka mstari wa gunia lililo juu ya mizani tu, na hesabu ya GDI ya asubuhi ndiyo hiyo hiyo ya jioni.